Walichoma Nyumba, Kisha Wakachoma Makaratasi



Tukiona picha za msikiti uliobomolewa au maktaba iliyochomwa vitani huko mbali, tunaumia na tunasambaza. Ni sawa. Lakini hebu tuulizane: hapa kwetu je?

Oktoba 20, 1952 mkoloni alitangaza hali ya hatari. Ndege zikaangusha mabomu kwenye msitu wa Mlima Kenya. Kuanzia 1954, Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa na askari. Nyumba walizoacha nyuma zikachomwa. Usidhani ni nyasi na miti tu iliyoungua. Boma ndipo watoto walipofunzwa ukoo wao na mipaka ya shamba lao.

Halafu mkoloni akichukua njia kurudi kwao, akageukia makaratasi. Maagizo yalikuwa wazi: faili za kuaibisha serikali yake zisiachiwe Waafrika. Zichomwe na majivu yapondwe, au zitiwe kwenye masanduku mazito zizamishwe baharini. Nyingine zilisafirishwa kimyakimya hadi Uingereza. Miaka karibu 50 hakuna aliyeziona, mpaka 2011, wazee wetu walipokuwa mahakamani London. Faili kama 1,500 za Kenya zikapatikana zimefichwa Hanslope Park.

Mnamo Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 waliolalamikia mateso. Lakini kuna wengine zaidi ya 40,000 waliofungua kesi nyingine. Hao walishindwa 2018. Jaji alisema muda umepita mno, kesi ya haki haiwezekani tena. Yaani kwanza ushahidi unachomwa na kufichwa, kisha mwenye haki anaambiwa amechelewa!

Ndiyo maana hatuwezi kusema "hayo ni mambo ya zamani". Ukinyimwa kitambulisho leo, au shamba la familia likinyakuliwa, utaulizwa swali lilelile: ushahidi uko wapi? Dini yetu ilitufundisha mapema, deni liandikwe na mashahidi wawekwe. Sisi tunaandika status tu.

Sasa kazi ni yako. Shosho aliyekuwa na miaka kumi wakati ule wa vijiji sasa amepita themanini. Simu unayo. Kaa naye, muombe ruhusa, mrekodi kwa lugha yake, Kimeru au Kiembu. Uliza kijiji walichopelekwa kiliitwaje, boma lao lilikuwa wapi, nani hakurudi. Andika tarehe. Weka nakala mbili, moja nyumbani, moja kwa mtu unayemwamini.

Anza Ijumaa hii baada ya swala. Tusingoje siku ya maziko ndipo tuanze kuuliza.