Pendekezo la Mada ni Ahadi kwa Msikilizaji

Miongoni mwa vijana wa familia zetu wapo leo wanaofanya kazi ambayo wazazi wao huona taabu kuieleza kwa majirani. Huitwa wasanifu, nao hawajengi nyumba wala barabara. Wanachosanifu ni data: kumbukumbu za wagonjwa, za wateja wa benki, za wanafunzi. Wao ndio huamua kila taarifa ihifadhiwe wapi, iitweje na iungane vipi na nyingine. Mafundi wa fani hii wana makongamano yao, na miezi kadhaa kabla ya kongamano waandaaji hutangaza kwamba mwenye mada alete pendekezo. Vijana wetu hulisoma tangazo, kisha huliacha lipite, wakijiuliza wana nini cha kuwaambia wakubwa wa fani.

Tunaloliona sisi ni kwamba wanacho, na wakikinyamazia hasara ni ya wengi. Fomu nyingi za kompyuta zina nafasi mbili za jina: la mtu na la ukoo. Tuseme amefika hospitalini Mwanaisha binti Salim Juma. Salim ni baba yake, Juma ni babu yake. Jina la ukoo hana, na akiolewa habadili kitu. Karani wa leo ataandika Mwanaisha Salim, wa kesho Mwanaisha Juma, na wa mwezi ujao Asha Salim, kwa kuwa ndivyo anavyoitwa nyumbani. Kanzidata itahesabu wanawake watatu. Jalada la kwanza linasema dawa fulani humdhuru. La tatu halisemi lolote, nalo ndilo lililo mbele ya daktari.

Si hilo pekee. Mama aliyeambiwa aje saa mbili asubuhi, karani akiandika 2:00, mashine huelewa saa nane usiku. Wazee waliozaliwa pasipo cheti huandikiwa 1 Januari, na mfumo unaotumia tarehe ya kuzaliwa kumtofautisha mtu na mwenzake hukosa pa kushika. Aliyeyatatua mambo haya kazini kwake ana elimu ambayo mtaalamu wa mji wa mbali huenda hajawahi kuihitaji, ilhali mifumo anayoiunda ndiyo tunayouziwa.

Fani yenyewe ilikua kwa watu kuandika fikra zao na kuziweka mbele ya wenzao. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM nchini Marekani, alichapisha makala akieleza namna ya kupanga data katika majedwali yenye uhusiano. Kanzidata nyingi za leo zimesimama juu ya fikra hiyo. Mwaka 1976 Peter Chen akaonyesha namna ya kuchora vitu na uhusiano wake kabla ya kuijenga kanzidata.

Sasa tuje kwenye uandishi. Aghalabu fomu ya pendekezo huuliza jina la mada, muhtasari, msikilizaji atapata nini, mada inamfaa mwanafunzi au mzoefu, na maelezo mafupi ya mwasilishaji. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Lakini mbele ya kamati yenye mapendekezo mengi mezani, kizuri kisichoelezwa hakionekani. Tazama muhtasari huu: "Mada itazungumzia umuhimu wa data bora katika sekta ya afya pamoja na changamoto zake." Hapana uongo ndani yake, wala hapana kitu.

Linganisha na huu: "Mgonjwa mmoja, majalada matatu. Tutaonyesha jinsi nafasi mbili za jina zinavyomgawa mgonjwa asiye na jina la ukoo. Jinsi tulivyobadili muundo ili jina lake, la baba na la babu kila moja liwe na mahali pake. Na tatizo ambalo muundo mpya haukulitibu. Msikilizaji ataondoka na maswali manne ya kuipima fomu yake mwenyewe." Hapa pana tatizo moja, kazi iliyofanyika, na ukweli kuhusu kilichobaki. Pana pia ahadi inayohesabika: aliyeahidi maswali manne asisimame jukwaani na matatu. Aidha, ziko kamati zinazosoma duru ya kwanza bila kuona majina ya waandishi. Hapo cheo hakimsaidii mtu, maneno yake ndiyo yanayomtetea. Na anayekuja kuinadi bidhaa ya kampuni yake hukataliwa mara nyingi, kwa kuwa wasikilizaji wamekuja kujifunza.

Liko jambo zito kuliko yote hayo. Taarifa za mgonjwa ni amana, na hazigeuki mali ya msanifu kwa kuwa yeye ndiye aliyezipanga. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kwa hiyo kijana aombe idhini ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kutuma pendekezo, na mifano ya jukwaani aitunge mwenyewe. Kufuta majina hakutoshi: kijiji kidogo, umri na ugonjwa adimu vyaweza kumtambulisha mtu kwa jirani zake.

Gharama nazo ziulizwe mapema. Baadhi ya makongamano humlipia mwasilishaji nauli na malazi, mengine humsamehe kiingilio tu. Wala si lazima safari iwe ndefu: Novemba 2023 Zanzibar ilipokea DjangoCon Africa, kongamano la waundaji wa programu za intaneti. Na pendekezo likikataliwa, lirekebishwe na kupelekwa kwingine, kwani nafasi za jukwaani ni chache na kukataliwa ni jambo la kawaida.

Familia ina sehemu yake katika kazi hii. Kijana aandike kwanza kwa Kiswahili, hata kama lugha ya kongamano ni Kiingereza, kisha amsomee mama au shangazi. Asiwaulize kama wamependezwa. Awaulize ni nani alikuwa akiumia na kipi kimebadilika. Wakiweza kumjibu, muhtasari umeiva. Wakishindwa, aurudie kabla ya tarehe ya mwisho, naye mzazi asichoke kusikiliza mara ya pili.