Daktari Akibadili Dawa, Je, Mgonjwa ni Mwongo?



Leo twataka kusema habari ya mikono. Sisi wachumaji wa chai hatuna mali nyingine. Mwenye duka ana duka lake, mwenye shamba ana shamba lake, nasi tuna vidole kumi, na kwa vidole hivyo twapimiwa kilo na kulipwa. Basi vidole vikikataa kukunjika saa moja asubuhi, saa ile ya umande ambapo wenzetu wanafunga aproni zao na kuingia kwenye mistari, hilo si jambo la hospitali peke yake. Ni jambo la chama.

Dada yetu mmoja wa tawi hili, ambaye jina lake tumeliacha kwa ombi lake, amechuma chai miaka 14. Mwaka jana vidole vyake vilianza kuvimba, vya mikono yote miwili kwa pamoja, na kila asubuhi vilikuwa vigumu kama kuni mpaka karibu saa nne. Baada ya saa nne huchuma vizuri. Mnyapara akasema ni uvivu wa asubuhi. Zahanati ya shamba ikampa tembe za maumivu mwezi baada ya mwezi. Mwishowe alipelekwa mjini kwa daktari bingwa wa viungo, akapimwa damu, akaambiwa ana baridi yabisi.

Ugonjwa huu si ule wa mzee ambaye goti limechakaa kwa kazi. Wala hauletwi na baridi ya Kericho au na jirani mwenye kijicho. Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Katika baridi yabisi askari hao wanageuka na kushambulia viungo vya mwenyewe. Wakiachwa, wanakula mfupa, na mfupa ulioliwa haurudi. Kwa hiyo dawa zake ni za namna mbili: zile za kutuliza maumivu leo, na zile za kuwazuia askari wale wasiharibu kesho.

Siku ya kwanza daktari alimpa diklofenaki ya maumivu, prednisoloni ya kushusha uvimbe upesi, na methotreksati, tembe za kumeza mara moja tu kwa juma, pamoja na asidi ya foliki. Baada ya mwezi akarudi na majibu ya damu. Daktari akaiondoa diklofenaki kwa sababu tumbo lilikuwa likimchoma, akapunguza prednisoloni, akaongeza methotreksati. Safari ya tatu damu ilionyesha kwamba ini halikupendezwa na dawa hiyo. Akaambiwa aisimamishe kwanza, apimwe tena, kisha ataanza upya kwa kipimo kidogo, na dawa mbili nyingine ziongezwe.

Dada yetu alirudi kwenye laini usiku akiwa na hasira nyingi. Nauli mara tatu. Tembe nyingi amenunua kwa pesa zake, na hali kila mwezi anakatwa 2.75 kwa mia ya mshahara kwa ajili ya bima ya SHA, kama sisi sote. Na sasa aambiwa dawa aliyoisifiwa mwezi uliopita aiweke chini! Majirani wakasema daktari huyu anabahatisha. Sisi wa halmashauri tulisema hivyo pia, hakuna haja ya kuficha. Basi akatupa kila kitu siku moja, prednisoloni pia, akanunua unga wa mizizi stendi ya matatu. Juma halikwisha akawa hawezi kusimama. Kizunguzungu, kutapika, mwili hauna nguvu hata kidogo.

Hapo ndipo mmoja wetu alipofunga safari pamoja naye. Twaeleza tuliyoyasikia huko, kwa sababu yametubadilisha mawazo, ingawa si yote.

Kwanza, prednisoloni haiachwi ghafula mtu akiisha kuitumia kwa majuma mengi. Mwili una dawa yake wa namna hiyo unaoitengeneza wenyewe, na ukiletewa ya dukani kila siku unaacha kuitengeneza. Ukiikata kwa siku moja, mwili unabaki mtupu. Hushushwa kidogo kidogo, kama mtu ashukaye mtini. Ndiyo sababu dada yetu alianguka.

Pili, methotreksati haifanyi kazi upesi. Majuma 6 hupita, pengine 12, kabla mgonjwa hajaona faida yake. Wala hakuna daktari duniani awezaye kujua mapema ni mwili wa nani utakaoikubali na wa nani utakaoikataa. Ajua baada ya kujaribu na kupima damu. Basi tulipomwuliza kwa nini anabadili-badili, alijibu kwamba kama asingebadili baada ya kuyaona majibu ya ini, hapo ndipo tungekuwa na haki ya kumshtaki.

Jibu hilo lilituziba midomo. Maana, ndugu, hata sisi twapokwenda mezani na waajiri hatutoki na maneno yale yale tuliyoingia nayo. Twaomba hivi, twasikia jibu, twageuza njia. Mwanachama aliyebaki nje hasemi tumekuwa waongo, ila tukikataa kumweleza kwa nini tumegeuza.

Na elimu yenyewe ya dawa hizi imebadilika mbele ya macho ya watu. Mwaka 1948 huko Marekani, katika Mayo Clinic, Dr. Hench alimpa mama mmoja mwenye baridi yabisi dawa mpya, kotizoni. Mama aliyekuwa hajiwezi akatembea baada ya siku chache. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Lakini haukupita muda mrefu, wagonjwa waliomeza dawa hiyo kwa wingi wakavimba nyuso, mifupa ikawa dhaifu, wengine wakapata vidonda vya tumbo. Je, madaktari walikuwa waongo mwaka 1950? Hapana. Walikuwa hawajaona bado. Tena kulikuwa na dawa ya maumivu iitwayo Vioxx, iliyouzwa tangu 1999 na kusifiwa kwamba haichomi tumbo. Mwaka 2004 kampuni iliyoitengeneza iliiondoa sokoni dunia nzima, kwa kuwa iliongeza hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi. Na desturi ya zamani ya kuanza na dawa hafifu na kungoja miaka imeachwa. Sasa dawa kali huanzishwa mapema, kwa sababu imejulikana kwamba viungo huharibika katika miaka ya mwanzo.

Hata hivyo hatumwachi daktari aende bila lawama. Safari zile tatu za kwanza alizungumza na dada yetu dakika chache tu, tena Kiingereza kitupu, macho yake kwenye faili. Aliandika mabadiliko, hakuyaeleza. Mtu akiambiwa "acha hii, anza hii" bila sababu, atafikiri anafanyiwa mchezo, na mtu anayefikiri anafanyiwa mchezo atakwenda stendi kununua unga. Maneno tuliyoelezwa siku ile hayakuchukua robo saa. Yangalisemwa mwanzoni, dada yetu asingalianguka. Twajua mabingwa hao ni wachache sana katika nchi yetu na foleni ni ndefu. Lakini robo saa!

Sasa tuje kwa Bwana Meneja. Hapa ndipo tulipokasirika kweli kweli.

Barua ya kwanza ya daktari ilisema dada yetu asichume chai majuma 6, apewe kazi nyepesi. Ya pili ilisema aweza kuchuma nusu siku. Ya tatu ikasema asichume mpaka aonwe tena. Bwana Meneja alizipanga barua tatu juu ya meza kama karata, akasema: hizi zinapingana, kwa hiyo mojawapo ni uongo, na mimi nadhani zote. Akataka kumwandikia barua ya kuacha kazi.

Tulimjibu hivi. Mvua ikinyesha Jumatatu na jua likawaka Jumanne, klaki wa mizani haandiki kwamba hali ya hewa ni mwongo. Barua tatu zina tarehe tatu, na kila moja yaeleza mikono ile ilivyokuwa siku ile. Ugonjwa huu hupanda na kushuka. Mgonjwa anayeletewa barua moja ile ile mwaka mzima ndiye wa kutiliwa shaka!

Tena ipo sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba mwajiri kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya kutojiweza kwa mwili lazima amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoifahamu, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama kazini akisikiliza. Bwana Meneja alikuwa amemwita peke yake ofisini. Tulipoingia na kitabu cha sheria mkononi, ile barua ya kuacha kazi ilirudi ndani ya mtoto wa meza. Kwa sasa dada yetu yuko kitaluni kwenye miche, kwa mshahara wa siku. Shauri halijakwisha, maana ameahidiwa mahali hapo kwa miezi mitatu tu.

Kifungu cha 30 kinampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Hicho ni kiasi cha chini kabisa, nacho kiliwekwa kwa mtu mwenye homa, si kwa mtu atakayekwenda kupimwa damu maisha yake yote. Sisi twaona katika mapatano yajayo lazima tudai siku za kwenda kupimwa zihesabiwe mbali na siku za ugonjwa, na aliyebadilishiwa dawa apewe kazi nyepesi bila kusubiri huruma ya mnyapara. Wapo wenzetu wasemao madai hayo yatapunguza nguvu ya dai la bei ya kilo. Tumewasikia. Lakini bei ya kilo yamfaa nini asiyeweza kuvunja jani?

Kwa wale wanaotumia dawa hizi, nao si mmoja katika tawi letu: mwendeni na daftari dogo, na kila dawa ikibadilishwa mwombeni daktari au nesi aandike humo tarehe, dawa, kipimo na sababu, nanyi msiondoke mlangoni kabla ya kuifahamu. Methotreksati ni ya siku moja kwa juma. Chagueni siku moja na kuiandika, maana wako watu waliokufa kwa kuimeza kila siku. Mwanamke mwenye mimba au anayetaka kushika mimba amwambie daktari kabla, kwa sababu dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni. Na dawa ikikuchosha, rudi ukabishane na daktari. Kubishana si dhambi. Usiitupe.

Mkutano wa tawi ni Jumapili ya mwisho ya mwezi, saa nane mchana, chini ya mti karibu na mizani ya pili. Shauri la kitalu litakuwa la kwanza. Mwenye barua za daktari aje nazo zote, hata zile zinazopingana.