Msimbazi hauchafuki siku ya mafuriko tu



Masika yakichachamaa, habari za Mto Msimbazi huwa zilezile: barabara ya Jangwani imefungwa, nyumba zimezama. Maji yakipungua, tunasahau. Hakuna anayeuliza yalibeba nini.

Sisi wa bondeni tunajua. Mvua kubwa ya usiku ndiyo nafasi ya wanaotapisha vyoo: shimo linatobolewa, uchafu unakwenda na mkondo. Hapo hujataja vyoo vinavyofurika vyenyewe, mafuta machafu ya gereji na taka za mitaroni. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huwa mbaya zaidi, maana inakomba kwa mkupuo mmoja uchafu uliolundikana miezi yote, na vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo hupata njia hadi kwenye visima vifupi.

Ukame nao si nafuu. Mto unabaki kijito, na kinachotiririka kwa sehemu kubwa ni majitaka ya majumbani na viwandani, bila maji safi ya kuyazimua. Hayohayo ndiyo yanayomwagilia mchicha na matembele tunayonunua kwa mafungu. (Nami hununua, sijifanyi mtakatifu.)

Ombi langu: maji yapimwe mvua ya kwanza inyeshapo na tena kiangazi kikikolea, majibu yabandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa, na gharama ya magari ya kunyonya majitaka ipunguzwe kabla ya Machi. Anayetapisha choo usiku mara nyingi ni mtu aliyeshindwa kulipia gari mchana.

Mkazi wa Vingunguti,
Dar es Salaam