Injini Iliyolala Nayo Hutaka Matunzo



Kila mwenye boti hujua ya kuwa kazi huchakaza injini. Wachache hukumbuka ya kuwa kukaa bure nako huichakaza, tena kimya kimya. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa mapatano na majirani zake wa ziwa hilo, yaani Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi 3 yatosha kabisa kuharibu injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya boti ikiachwa ovyo. Na siku ya kurudi ziwani ndiyo siku ambayo akiba ya nyumbani imekwisha, na fundi hakopeshi.

Katika nchi za baridi kali, maji yaliyosahauliwa ndani ya injini huganda, huongezeka kwa kiasi cha asilimia 9, na kupasua bloku ya chuma. Kwetu barafu haiko. Adui zetu ni kutu, unyevu na vijidudu.

Kwanza, badilisha oili. Washa injini mpaka ipate moto, kisha izime uimwage ingali ya moto, kwani hapo uchafu hutoka pamoja nayo. Oili iliyotumika ina asidi itokanayo na moshi, nayo hula vyuma polepole. Weka filta mpya na oili mpya, kisha washa injini kidogo ili oili hiyo isambae.

Pili, jaza tangi la dizeli. Tangi lililo nusu huingiza hewa. Usiku unyevu wake hugeuka matone, nayo hutua chini ya dizeli. Hapo vijidudu humea na kufanya utelezi unaoziba filta na nozeli. Fungua pia kikombe cha kuchujia, umwage maji yaliyomo.

Tatu, toa maji yote ya ziwa katika mabomba na bloku. Ondoa gurudumu la mpira lililo ndani ya pampu ya maji, kwa sababu likikaa limekunjwa mahali pamoja hupinda na kupasuka. Lihifadhi kivulini.

Nne, ondoa betri na kuiweka pakavu, mbali na watoto na moto wa jikoni. Ichaji kila mwezi. Betri iliyoachwa bila chaji hufa.

Tano, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa chenye oili, ili wadudu na mvua visiingie. Kila baada ya majuma 2 zungusha injini kwa mkono, pistoni zisije zikashikana na silinda. Kama boti imebaki majini, kagua mahali shafti ipitapo, usije ukaikuta imezama.

Mwisho, andika katika kipande cha karatasi kila ulichokitoa na kila ulichokiziba, ukifunge pamoja na ufunguo wa injini. Huenda atakayeiwasha si wewe, bali mwanao au mkeo aliyemwita fundi. Asiyejua kwamba pampu haina gurudumu ataiunguza injini kwa dakika chache, na kazi yako yote itakuwa bure.

Oili na filta ni gharama, hapana ubishi. Lakini ilinganishe na bei ya injini nyingine, kisha uamue.