Kasuku wa Entebbe wana kwao, na sisi je?

Sisi vijana wa Minembwe tuliokimbilia Uganda, tukifika Entebbe jioni tunasimama kuangalia kasuku. Ni wale wa kijivu, mkia mwekundu, hawafugwi na mtu. Wanapita juu ya mabati kundi kwa kundi, makelele mingi, wanaenda kulala pamoja kwenye miti mikubwa. Mji umejengwa chini yao na hakuna anayewaambia warudi walikotoka.

Sisi tunaulizwa: "Muko batu ba wapi?" Huku ni Wakongomani tu. Kwetu, Munyamulenge anaambiwa si Mukongomani, na Mubembe, Mufuliiru, Munyindu nao wamechomewa vijiji. Kila mmoja anahesabu wafu wa upande wake.

Kule Lwiro, Kivu Kusini hiyo hiyo yetu, kasuku walionyang'anywa wachuuzi wanatunzwa, maana kasuku akiwa peke yake anajing'oa manyoya. Vizuri sana. Lakini ndege anatafutiwa wenzake, sisi tunatafutiwa kambi!

Kwa hiyo tunadai: njia za Hauts-Plateaux zifunguliwe, na wakimbizi wa makabila yote warudi pamoja, siyo kabila moja kwanza.