Bia, Pikapu na Jina la Bwana

Katika makanisa yetu ya Kenya kuna muziki mmoja wa dunia ambao umepewa kibali bila kuhojiwa, nao ni kantri. Mzazi anayekimbilia kuzima redio akisikia gengetone huiacha ikilia akisikia gitaa la Nashville. Mzee wa kanisa asiyetaka kusikia rumba harusini huagiza Jim Reeves, na hakuna anayemuuliza. Katika matanga yetu sauti ya Jim Reeves, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1964, imewasindikiza marehemu wengi kuliko baadhi ya wachungaji wetu. Jumapili tukitoka ibadani, redio hutupigia kantri, nasi tunakula chapati zetu kwa amani, tukiamini kwamba kilichoingia nyumbani ni kisafi.

Sisi tunasema kibali hicho kimezeeka. Kilitolewa kwa nyimbo fulani, na sasa kinatumiwa na nyimbo nyingine zilizovaa kofia ileile. Vijana wetu hawasikilizi tena Jim Reeves. Wanasikiliza kinachoongoza chati za Marekani wiki hii, na wakiulizwa wanajibu, "Lakini ni kantri, baba." Baba anaridhika. Hajasikiliza maneno hata mara moja.

Kabla hatujawahukumu wapya, tuwavue wa kale utakatifu ambao wenyewe hawakuudai. Kuna ndugu wanaozungumza kana kwamba kantri ya zamani ilikuwa kitabu cha nyimbo za ibada. Haikuwa hivyo. Ilijaa pombe tangu mwanzo. Hank Williams, aliyetuachia "I Saw the Light" mwaka 1948, alikufa siku ya mwaka mpya 1953 kwenye kiti cha nyuma cha gari akipelekwa kuimba, akiwa na miaka 29, mwili wake umechoshwa na pombe na dawa. George Jones alisimulia mwenyewe jinsi alivyofichwa funguo za magari, akapanda mashine ya kukata nyasi na kuiendesha hadi dukani kununua pombe. Uzinzi ulikuwamo, magereza yalikuwamo, na mauaji pia.

Basi tofauti iko wapi? Iko katika hesabu. Katika wimbo wa kale, dhambi ilikuwa na bei, na bei ilitajwa kabla wimbo haujaisha. Mlevi aliamka asubuhi. Mke aliyeachwa alikuwa na sauti. Mfungwa alisikia treni ikipita nje akajua kwa nini yeye yuko ndani. Katika "He Stopped Loving Her Today" wa mwaka 1980, mwanamume anashika ahadi ya mapenzi hadi anapobebwa kwenda kuzikwa. Wala wimbo haumsifu wala kumcheka, unatuonyesha tu kupenda hivyo kulimgharimu nini. Mwaka 1952 Kitty Wells alimjibu mwanamume aliyekuwa amewalaumu wanawake wa baa: akasema katika "It Wasn't God Who Made Honky Tonk Angels" kwamba Mungu asisingiziwe kwa kazi iliyofanywa na waume wasio waaminifu. Hiyo ni teolojia, na wako wahubiri ambao hawajaifikia. Dolly Parton naye mwaka 1971 aliimba juu ya koti alilomshonea mama yake kwa vipande vya matambara, akimsimulia habari za Yusufu wa Biblia wakati wa kushona, na juu ya watoto wa shule waliomcheka. Umaskini haukupambwa pale, na hakuna mtu aliyeonewa huruma ya bure.

Ndiyo maana muziki huu ulitufaa sisi watu wa shamba na wa matanga. Carter Family na Jimmie Rodgers waliporekodiwa mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, mwaka 1927, waliimba habari za kifo, mama, kazi, safari na mbingu. Tuliyajua hayo yote. Hata ukumbi maarufu wa Nashville, Ryman, ulijengwa kwanza kama nyumba ya kuhubiria, kwa sababu nahodha wa meli za mtoni aliokoka mkutanoni, na ukafunguliwa mwaka 1892. Kipindi cha Grand Ole Opry kilihamia humo mwaka 1943, watu wakasikiliza nyimbo wakiwa wamekaa kwenye viti vya kanisa. Dhambi iliimbwa mahali ambapo watu walikuwa wameitwa watubu.

Sasa tazama kinachoitwa kantri redioni tangu takriban mwaka 2012. Mwaka huo ulitoka wimbo "Cruise" wa Florida Georgia Line, ukakaa kileleni mwa chati ya kantri wiki 24. Msichana aliyemo hana jina, hana mama. Ana miguu na vazi la kuogelea. Baada yake zikaja nyimbo kwa makumi, kila moja ikiwa na pikapu, barabara ya vumbi, bia baridi na msichana yuleyule. Ilifika mahali wasichana wawili, Maddie na Tae, wakatoa wimbo mwaka 2014 wa kuikejeli biashara hiyo, nao ukafika nambari moja redioni. Redio iliupiga, ikacheka, kisha ikaendelea na bia.

Mtu asidhani jambo hili lilitokea kwa sababu Wamarekani waliacha kuomba. Liko na mizizi ya pesa. Kabla ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996, kampuni moja Marekani haikuruhusiwa kumiliki vituo zaidi ya 40 vya redio nchi nzima. Kikomo kiliondolewa, na haikuchukua miaka mingi kampuni moja ikawa na vituo zaidi ya 1,000. Aliyekuwa mtangazaji wa mji, anayemjua mjane wa mtaa wa pili, nafasi yake ikachukuliwa na orodha inayotoka mbali. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa redio alisema wazi kwamba kituo kinachotaka wasikilizaji kipunguze nyimbo za wanawake. Akawalinganisha wanaume na majani ya saladi, na wanawake na nyanya za kupambia juu. Sisi tunaona kwamba ukishawatoa wake na akina mama, hakuna atakayeamka asubuhi kumuuliza mlevi alikuwa wapi. Hesabu inafutika, na wimbo unabaki na Jumamosi usiku peke yake.

Twende kwa nyimbo zenyewe, maana kulaumu kwa jumla ni uvivu.

"Last Night" wa Morgan Wallen uliongoza chati kuu ya Marekani wiki 16 mwaka 2023. Wapenzi wawili wamelewa, wamegombana, mwanamke amesema anaondoka, na mwanamume anashikilia kwamba huo hauwezi kuwa mwisho. Jambo hilo ni la kweli kabisa. Wengi wetu tumewahi kuitwa saa sita za usiku kusuluhisha kesi ya namna hiyo. Lakini wimbo unaitwika pombe lawama yote kana kwamba ilijimimina yenyewe kooni. Hakuna "nisamehe" ndani yake. Hank Williams, pamoja na uovu wake wote, angeliona pengo hilo.

"A Bar Song" wa Shaboozey, uliokaa kileleni wiki 19 mwaka 2024, unatupa kazi zaidi. Huyu ni kijana wa Virginia, mwana wa wazazi kutoka Nigeria, na tunafurahi kumwona Mwafrika pale juu. Wimbo wake unaanza na bei ya petroli na ya chakula, na kazi isiyokwisha. Ni wimbo wa mwenye mshahara mdogo, na Amosi angeusikiliza ubeti wa kwanza kwa makini. Kisha unatoa dawa yake, nayo ni wiski, glasi baada ya glasi, mpaka baa ifungwe. Hapo ndipo tunapotengana. Kilio cha maskini kimepelekwa mlangoni pa muuza pombe, na huko hakijawahi kusikilizwa, si Nashville, si Nairobi.

Baya kuliko bia, kwetu sisi, ni jina la Bwana linavyotumika. Sikiliza redio hiyo saa moja utasikia kanisa likitajwa, Biblia ikitajwa, Jumapili na maombi ya bibi yakitajwa. Yanatajwa katika orodha moja na pikapu, mbwa, uvuvi na bia, kama vyombo vya kupambia sebule. Mwimbaji haombi, anatuarifu tu kwamba anatoka mahali ambapo watu huomba. Ndugu zetu wengi hufurahia hapo na kusema, "Angalau wanamtaja Mungu." Sisi tunasoma Kutoka 20 na kuona kwamba kutajwa bure ndiko kulikokatazwa. Anayemlaani Mungu kwa uchungu bado anazungumza naye, kama Ayubu alivyokaribia kufanya. Anayemtia Mungu katika orodha ya bidhaa hazungumzi naye hata kidogo.

Sasa tuwageukie wazee wetu, maana wao nao wana kesi. Kipimo chao ni sauti. Wakisikia fidla na lile gitaa linalolazwa mapajani wanasema hii ndiyo ya kweli. Wakisikia ngoma za kompyuta au mtu anayeghani wanasema hii ni ya shetani. Kama sauti ndiyo kipimo, basi banjo ingekuwa ya kwanza kukataliwa, kwa kuwa asili yake ni Afrika na ilivushwa bahari na watumwa. DeFord Bailey, mpiga harmonika Mweusi, alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa Grand Ole Opry, akaondolewa mwaka 1941. Rekodi za kwanza za Charley Pride, mwana wa mkulima wa pamba wa Mississippi, zilipelekwa redioni bila picha yake ili watu wasijue rangi yake. Hayo nayo ni mapokeo. Anayetaka mapokeo yote ayachukue yote, na anayetaka yaliyo mema afanye kazi ya kuchagua.

Na katika hao wapya mema yapo. Pikapu si dhambi. Mwaka 2013 "I Drive Your Truck" wa Lee Brice ulifika nambari moja redioni, na ndani yake mtu anaendesha gari la ndugu yake aliyekufa vitani kwa sababu hajui mahali pengine pa kuupeleka uchungu. Jelly Roll, mtu wa Nashville mwenye michoro usoni, aliyeanza kuingia na kutoka jela akiwa bado mtoto, alitoa "Need a Favor" mwaka 2023. Wazee waliukataa kwa sababu ya uso na kelele za gitaa. Lakini anachokiri humo ni kwamba humkumbuka Mungu akiwa na shida tu, na haoni kwa nini mtu wa aina yake aokolewe. Tufungue Luka 18 tumtafute mtoza ushuru aliyesimama mbali akijipiga kifua. Tungependa kujua ni wangapi kati yetu, wenye suti na mahudhurio kamili, wameomba kwa unyofu huo mwaka huu.

Tunajibiwa kwamba hizi ni nyimbo tu, na kwamba kijana hanywi kwa sababu ya wimbo. Labda. Ila sisi tunazika. Katika sharika zetu kuna waume ambao maini yao yameisha wakiwa na miaka arobaini, na watoto wanaojua kwa mlio wa hatua kama baba amekuja na hasira au la. Kijana anayekulia katika nyumba kama hiyo anajua tayari bei ya pombe. Redio inapomwambia mchana kutwa kwamba haina bei, inamwambia kwamba alichokiona kwa macho yake si kweli. Wimbo wa kale ulimwamini, ukamwambia: ndiyo, tumeona sisi pia.

Kamati za harusi hutuuliza tufanye nini, maana vijana wanaleta orodha zao na wazee zao. Tumeacha kugombana juu ya miaka na magitaa. Maneno ya wimbo yanaandikwa kwa Kiswahili, kisha yanasomwa kwa sauti mbele ya wazazi wa pande zote mbili, bila muziki. "Last Night" haukufika ubeti wa pili. Nyimbo mbili za zamani zilizoletwa na wazee nazo zikaanguka, kwa sababu ya wake wa watu waliokuwamo. Kijana mmoja akaleta "Fast Car", ambao Tracy Chapman aliutunga na kuutoa mwaka 1988 na Luke Combs akauimba upya mwaka 2023 bila kuugeuza, hata Chapman akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya wimbo bora ya chama cha kantri cha Marekani. Si wimbo wa harusi. Unamhusu binti aliyeacha shule kumtunza baba mlevi, akaondoka na mpenzi wake kutafuta maisha, na mwishowe akaona mpenzi huyo naye akikaa baa kuliko anavyokaa na watoto. Ulisomwa hadi mwisho. Hakuna aliyecheka, na mama wa bibi harusi akaomba usomwe tena.