"Kompyuta Imegoma" Si Jibu la Kumpa Bi Harusi



Naandika kutoka Sumbawanga, huku juu Ufipa, ambako baridi ya Julai inatuvalisha makoti mawili mawili na vyerehani havipumziki. Mahindi yameshavunwa, watu wana pesa kidogo mkononi, na harusi zinafuatana. Kazi yangu ni kushona magauni ya nikaha na mashela, na mteja akitaka, namtafutia na mtu wa kumtengenezea kadi. Kwa hiyo kila siku niko kwenye steshenari za mjini, na maneno ninayoyasikia kuliko yote ni haya: "Kompyuta imegoma dada, njoo kesho."

Mimi naona hilo si jibu. Ukishapokea kianzio cha mtu, kazi yake ni amana mikononi mwako. Bi harusi hakukubaliana na kompyuta, amekubaliana na wewe. Mashine umeichagua mwenyewe, umeiweka dukani mwenyewe, na faida yake unaila mwenyewe. Basi na hasara yake usimtwishe mwenzio.

Najua wapo watakaosema natia chumvi, kadi ni karatasi tu. Lakini harusi ina tarehe, na tarehe haisubiri. Familia nyingi huku zinachangiwa na ndugu na majirani, na kadi ya mchango ndiyo inayoleta pesa ya mchele na nyama. Kadi ikichelewa wiki moja, mchango nao unachelewa. Na bado kuna wageni wa kupelekewa kadi mpaka Namanyere, Laela, na kule chini ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Kirando na Kasanga. Mtu akiambiwa "njoo kesho" mara nne, jamaa wa Kirando wanapata habari ya harusi ilhali watu wameshakula walima.

Kuchelewa kuna nafuu. Mwaka jana nilimshonea bi harusi mmoja ambaye kadi zake zilitoka kwa wakati, nzuri, karatasi inang'aa, maua ya dhahabu pembeni. Mama yake alinionyesha kwa furaha. Mdogo wake bi harusi, mtoto wa madrasa wa miaka tisa, akaishika kadi, akaikodolea macho, akasema, "Mama, hii Bismillah haisomeki." Tukaangalia. Herufi zilikuwa zimeachana, kila moja imesimama peke yake, tena zimeanzia kushoto. Kadi 150 zote zilikuwa hivyo. Yule kijana aliyezitengeneza hajui Kiarabu na simlaumu kwa kutojua. Ninachomlaumu ni jibu alilompa mama wa watu: "Mimi niliandika sawa, kompyuta ndiyo imegeuza." Wakalipa upya. Na zile za kwanza hakuna aliyethubutu kuzitupa jalalani, maana herufi za jina la Allah zilikuwa juu yake, hata kama zimevurugika.

Ni kweli kompyuta ndiyo iliyogeuza. Herufi za Kiarabu hushikana, huanzia kulia, na nyingi hubadili umbo zikikaa mwanzo, katikati au mwisho wa neno. Programu nyingi za kutengeneza picha zilibuniwa kwanza kwa herufi kama hizi tunazoandikia Kiswahili. Hata Photoshop, ambayo vijana wengi wanaitumia, isiporekebishwa kwa ajili ya lugha za Mashariki ya Kati inaweza kuzitawanya herufi na kuzipanga kinyume. Lakini dawa yake ipo na si ya gharama. Unachukua Bismillah iliyokwisha kuandikwa vizuri ikiwa picha, unaiweka juu ya kadi. Tena tangu 2003 Unicode, utaratibu wa dunia nzima wa kuzipa herufi namba ndani ya kompyuta, una alama moja tu inayobeba Bismillah nzima, mradi fonti unayotumia iwe nayo. Anayechapa kadi za Waislamu kwa pesa anapaswa kulijua hili, kama mimi ninavyopaswa kujua kwamba hariri haipigwi pasi ya moto mkali.

Na matatizo mengine ya steshenari ni yale yale tunayoyajua sote. Umeme kwanza. Mkoa wetu kwa miaka mingi umetegemea umeme unaovuka mpaka kutoka Zambia kupitia Mbala, na kukatika kwake si habari mpya kwa mtu yeyote. Kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika, ulichoandika bila kuhifadhi mara nyingi kimekwenda. Basi mwenye duka anunue UPS impe dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, na vidole vizoee kubonyeza Ctrl na S kila baada ya mistari michache. Hilo la vidole halina hata bei.

Pili, flashi. Inachomekwa kwenye kompyuta hii na ile, inarudi na virusi vinavyoficha mafaili yako na kuweka shotikati mahali pake. Dada anaona picha zake za kitambaa na orodha ya wageni havipo, analia. Fundi asiye mwaminifu anamwambia vimepotea, aifomati flashi. Usikubali haraka, shoga yangu. Mara nyingi mafaili bado yamo, yamefichwa tu, na anayejua atayafichua kwa dakika chache. Ukifomati ndipo unapoyatafutia balaa.

Tatu ni lugha. Msichana wa dukani amemaliza kidato cha nne, ana akili zake, lakini mashine inamuuliza maswali kwa Kiingereza siku nzima. Anapofunga kazi inamuuliza kama ahifadhi au asihifadhi, naye ana foleni ya watu watano, anabonyeza popote ili kiboksi kiondoke. Kazi ya saa mbili imekwenda. Na kila jina la bi harusi analoandika, Mwanaidi, Zuwena, Salma binti fulani, linapigiwa mstari mwekundu kama kosa, hata amezoea kuupuuza. Siku anayokosea kweli, mstari ule ule haumshtui. Hapa waliotengeneza programu wana deni kwetu. Lakini tusisahau kwamba mwaka 2004 ulizinduliwa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kazi iliyohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hata Windows imewahi kutolewa na pakiti ya Kiswahili. Ni maduka mangapi mmeona yanatumia? Tunalalamikia Kiingereza cha mashine, na cha Kiswahili kikiletwa hatukigusi.

Wengine wataniambia, "Dada, hayo ni majaaliwa ya Mungu." Majaaliwa tunayaamini, ni nguzo ya imani yetu. Lakini tumefundishwa tumfunge ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Asiyehifadhi kazi, asiyeweka nakala, asiyempa mtu asome kabla ya kuchapa, huyo hajamfunga ngamia wake. Radi ikipiga ikaunguza duka zima, hapo tutakaa kitako tusameheane. Lakini hasara iliyoweza kuzuiwa ni ya mwenye duka. Arudishe kianzio au arudie kazi kwa pesa yake, na aombe radhi.

Nanyi mabibi harusi mna sehemu yenu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqarah, inatufundisha kuyaandika madeni ya muda maalumu na kuyawekea mashahidi. Tunaisoma, kisha tunatoa kianzio cha kadi kwa mdomo! Jifunzeni kutoka humo. Andikisheni kwenye karatasi: kadi ngapi, karatasi gani, tarehe ya kuchukua, kiasi kilicholipwa, na nini kitafanyika zikiharibika. Pande mbili zitie saini.

Kabla hazijachapwa zote, omba ichapwe moja. Usiikague kwenye kioo wala kwenye simu, ichapwe karatasini uishike. Soma majina, tarehe, saa, ukumbi. Bismillah na aya apewe mtu anayesoma Kiarabu, hata kama ni mtoto wa madrasa. Kisha omba faili lako kwa PDF, ambalo fonti zake zikiwekwa ndani halibadiliki likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, na ujitumie mwenyewe kwa barua pepe. Duka likifungwa, kazi yako unayo.

Kwangu mimi vipimo vya wateja vimo kwenye kompyuta, na vimo pia kwenye daftari la kaunta lenye jalada gumu. Wasichana wangu hunicheka, wanasema ni ushamba. Wacha wacheke. Kitambaa cha bi harusi kimesafiri kwa basi zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar mpaka huku, na nikikikata vibaya hakuna kingine mpaka wiki ijayo. Siwezi kumwambia mama wa watu kwamba kifua cha binti yake kimefutika.

Kompyuta ni neema, nami siiachi. Ila siku ya Kiyama kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, na ataulizwa mtu, haitaulizwa mashine.

Allah azijaalie harusi zenu kheri na masikilizano. Wabillahi tawfiq.